Asilimia Mia na Nne

Hesabu ilifika Gaoua imevaa nguo za sikukuu:
kijiji cha Dankora, dawa ya usubi,
asilimia mia na nne.
Nikaisoma, nikafuta miwani, nikaisoma tena.
Wakazi mia mbili na kumi na wawili,
waliomeza mia mbili na ishirini.
Hao wanane wa ziada, nikamuuliza bosi, kawazaa nani?
Akacheka. "Nenda kawatafute. Si wewe mkaguzi?"

Nikaenda. Pikipiki ikazima mara tatu kabla ya mto.
Mkobani nina orodha ya kaya zilizotoka kwa kura
na kidonge kimoja kichupani, cha kuonyesha tu,
maana ukiuliza "ulimeza dawa?" mikono mitupu
mtu atakumbuka dawa yoyote,
hata ile ya jino, ya mwaka juzi.

Kaya ya kwanza, ndiyo. Ya pili, ndiyo.
Ya tatu, ndiyo, na kibuyu cha pombe ya mtama juu yake.
Nikaanza kuiogopa ile ndiyo.
Ilikuwa ndiyo ya kumkaribisha mgeni kiti.

Kwa Kambou Sansan, mjukuu akapanda juu ya kinu,
akachomoa kitambaa kwenye nyasi za paa:
vidonge vinne, vyeupe, vizima.
"Babu anaviweka mpaka ngozi imwashe sana."
Sansan akatazama kuku wake.
Rejesta ina safu ya *amepewa*.
Safu ya koo haina.

Kwa Palé Oho nikaonyeshwa kaburi
ambalo mvua mbili zimeshalishusha.
Karatasi inasema alimeza vitatu, mwezi wa tano, mwaka huu.
Mwanawe akaniuliza, bila kutania:
"Vilimsaidia?"

Vijana watano wako Kodivaa wanapasua kakao,
nao wamemeza, kwa umbali huo wote.

Jioni nikamkuta Hien Yeri, mgawa dawa,
anapepeta mtama. Akaniletea fimbo ya kupimia kimo,
yenye mistari ya rangi: hapa kimoja, hapa viwili, hapa vitatu.
Chini mchwa wamekula vidole vinne.
Basi Dankora nzima ilirefuka vidole vinne
na hakuna aliyeshangaa.

"Nilipewa siku mbili," akasema.
"Kaya arobaini, baiskeli moja, posho bado iko njiani.
Usiku wa mwisho niling'ata tochi, nikajaza."
Nilikuwa nimeshaona: wino mmoja, mwandiko mmoja usiochoka,
vema zimepangwa kama mbegu za mkulima mwenye kamba.

"Na wale wanane?"
Akaacha kupepeta.
"Wachimba dhahabu, ng'ambo ya kilima.
Hawamo kwenye sensa yenu. Walikuja wenyewe, wanajikuna.
Wale niliwaona kwa macho yangu wakimeza,
nikawafungulisha vinywa, nikatazama chini ya ulimi."

Nikakaa juu ya gunia.
Kosa lililonileta huku
ndilo peke yake lililokuwa kweli.

"Mwaka jana niliandika sitini na moja," akaendelea,
"sitini na moja yenyewe, ya miguu yangu.
Mkaniita mjini, mkaandika jina la kijiji ubaoni kwa chaki nyekundu.
Mwaka huu nimewaandikia mnachokipenda."

Hakusema nani aliishika ile chaki.
Nami sikusema. Vumbi lake nalikumbuka,
lilikaa kwenye kikwapa cha shati langu jeupe siku nzima.

Usubi akatua kwenye kifundo cha mguu wangu,
mdogo, mweusi, mwenye kibyongo,
akanywa alichotaka, akaondoka.

"Sasa utaandika ngapi?" Yeri akauliza.

Nikatoa futi kamba. Tukaanza na fimbo.