Tofali la Mama

Tofali lile lilikuwa na jina, Khuyên,
kwa chokaa, herufi za mama, zimelalia kulia.
Alfajiri, king'ora cha kiwanda cha nguo hakijalia,
nililibeba hadi duka la ushirika
nikaliweka baina ya kandambili ya bibi Thuật
na ndoo iliyotoboka,
nikarudi kulala.
Nam Định nzima ilipanga foleni hivyo,
mawe na viatu, wenyewe tukikoroma.

Mtu akinuna, tulimuuliza:
umepoteza kitabu cha mchele?
Baba, mwalimu wa fizikia,
alifuga nguruwe bafuni, ghorofa ya tatu.
Akisahihisha mitihani, nguruwe aliguna
kama mkaguzi.

Kisha Desemba moja kipaza sauti cha nguzoni
kikatamka: mageuzi.
Kalamu ya baba ikadondosha wino.
Mama akauliza tu, "Na chumvi?"

Chumvi ilichelewa.
Kwanza alitokea mtu na sindano, na nyuzi,
mkeka umekunjwa nusu, miguu tayari kukimbia.
Polisi walipokuja
walinunua nyuzi.

Mama akaenda kulichukua tofali lake.
Mengine aliyaacha palepale, na majina yake,
mvua iyasome.
Sasa linainua sufuria ya supu mlangoni petu.
Bei anaipanga mwenyewe
na kila asubuhi huitaja kwa sauti ndogo,
kama mtu anayetukana kwa mara ya kwanza.

Nguruwe tulimuuza. Baba akapata bafu,
na nafasi ya kufikiri.
Akaliandikia gazeti: nani huyachagua majina
kabla hatujapewa karatasi ya kura?

Bwana Lữ wa kamati ya mtaa alikuja jioni.
Akala bakuli mbili, akalipa, akasifu tangawizi.
Barua akaiweka mezani, bahasha imechanwa.
"Mwalimu, soko tumelifungua.
Hayo mengine, subiri."
"Nisubiri wapi?" baba akauliza.
Bwana Lữ akatafuta kofia yake, nayo i kichwani.

Usiku baba aliomba chokaa.
Mama hakusema kitu; aliitua sufuria,
akalifuta tofali masizi kwa upindo wa nguo yake.

Kulipokucha lilikuwa mbele ya mlango wa kamati,
limegeuzwa upande wa pili, jina la baba juu.
Nilitumwa nikalitazame.
Nyuma yake, imelowa umande,
palikuwa na kandambili moja.