Kadi ya Ghala

Lugembe alirudi na kadi yenye picha yake,
shingo imekazwa kama mtu anayeapishwa.
"Sasa sisi ni wanachama," akasema.
Ada ya mwaka, elfu thelathini.
Nikaiweka kabatini, chini ya kadi ya kliniki ya mtoto,
nikanyamaza. Kunyamaza nako ni hesabu.

Jumamosi tukaenda Nyakato.
Ndani ya ghala kuna baridi ya benki,
dari iko juu mno, shomoro wawili wameingia wakapotea.
Nyanya ya kopo haiuzwi moja;
ziko ishirini na nne, zimefungwa nailoni
kama ndugu waliokatazwa kugawana urithi.
Nikauliza: sabuni, mche mmoja?
Kijana wa fulana nyekundu akanitazama
kama niliyeomba nusu ya kiberiti.

Tukachukua sukari, kilo ishirini na tano.
Mafuta, dumu la lita ishirini.
Mchele, gunia zima.
Kwenye kila kilo ya sukari tumeokoa mia mbili.
Mume wangu aliitamka hiyo mia mbili
kwa heshima, kama jina la mkwewe.

Sasa sikia. Sisi tunakaa Bugarika, juu,
nyumba imeegemea jiwe, jiwe limeegemea Mungu.
Bajaji inafika kwenye mtaro, basi.
Kutoka pale ni ngazi mia moja na kumi na mbili,
nazijua, nilizihesabu nikiwa na mimba.
Bajaji elfu saba.
Vijana wawili wa kubeba, elfu tatu kila mmoja,
na mmoja akaomba maji, kisha chapati.
Ile mia mbili yetu ilibaki chini mtaroni
ikitutazama tunavyopanda.

Chumba na sebule. Gunia likalala alipokuwa akilala Kabula,
Kabula akalala miguuni petu.
Enzi za kupima mafuta kwa Makaranga, kibaba kwa kibaba,
samaki alikaangwa akijua mipaka yake.
Dumu lilipoingia, mkono ukalegea,
sato akaogelea mara ya pili.
Mgeni wa Sengerema, aliyekuja kulala siku moja,
aliliona gunia, akakaa siku tisa.
Mama Bwire akaja na kikombe, "mpaka Ijumaa tu,"
na utamnyimaje, mlango uko wazi
na gunia limekaa sebuleni kama mwenye nyumba?
Wiki ya sita fukusi wakaingia.
Hao hawakuulizwa kadi.

Sisemi ghala ni baya.
Dada yangu Nyamizi, mwalimu kule Nyegezi,
ana gari, ana stoo, ana mshahara wenye tarehe.
Linamfaa.
Hata mimi sabuni nimeikubali: haiozi, haialiki wageni.
Lakini Lugembe anachuna sangara kiwandani,
siku kuna samaki, siku hakuna.
Pesa yetu yenyewe huja rejareja;
hiyo ya jumla tuitoe wapi?

Wiki ile boti zilirudi tupu.
Mchele tulikuwa nao, wa kulisha msiba,
ila hela ya mkaa hatukuwa nayo.
Tukalitazama gunia. Likatutazama.

Nikashuka ngazi hadi kwa Makaranga,
nikijua aliwaona wale vijana
wakipita na mizigo mbele ya duka lake.
Hakusema kitu. Alivuta daftari,
akalowanisha kidole, akatafuta ukurasa wangu,
ambao hauna picha wala ada.
"Mkaa wa elfu mbili?"
Akaandika. Halafu, bila kuinua macho:
"Na huo mchele wako, ukitaka kupunguza kilo kumi,
mteja ninaye."

Nikamwambia una fukusi.
Akasema ungo anao.
Akataja bei. Bei ya jumla, mtu yule!
Tukabishana mpaka taa za bandarini zikawaka.