Vifuniko Kumi na Tisa

Mwalimu Nandonde hakuja na kitabu siku ile.
Alikuja na sufuria, jiko la mkaa,
na vifuniko kumi na tisa vya kopo za mafuta ya kupaka,
vimechemshwa, vimefungwa ndani ya kitambaa cheupe.
"Darubini yetu ina jicho moja," akasema, "na lenyewe lina ufa.
Basi leo hatuwafuati wadudu waliko.
Tunawaalika."
Akanigeukia. "Somoe, umeleta?"

Nilikuwa nimeleta.
Mwani wa mama, kilo isiyotimia,
umekaukia uchagani, mweupe kwa chumvi;
mwani ule ule tunaoufunga kamba kwa kamba maji yakipwa Naumbu,
kisha tunamuuzia mtu wa gari jeupe
anayepima bila kututazama usoni.
"Unakwenda kufanywa nini huko?" mama aliwahi kumuuliza.
Alicheka, akafunga daftari.

Sasa ulichemka mbele ya kidato cha tatu.
Ukalegea, ukanata, tukautia sukari na supu ya dagaa
(Bushiri akaomba aonje, akanyimwa),
tukaumimina, ukaganda
kama jicho la samaki wa jana.

Kila mmoja akachagua pa kugusa.
Kitasa cha choo. Sarafu ya mia mbili. Ulimi.
Kidole kabla ya sabuni, kidole baada yake.
Fadina akakiacha chake wazi kwa hewa tupu,
akahesabu mia, akafunika.
Tukamcheka: umemtega nani?
Mwalimu naye akabandika kiganja,
yeye anayetuhubiria ndoo na sabuni kila asubuhi.
Tukaandika ubashiri: choo kitashinda.

Siku ya kwanza, hakuna kitu.
Ya pili, ukungu, kama pumzi kwenye kioo.
Ya tatu, palikuwa na mji.
Madoa ya rangi ya maziwa, ya ndimu, moja la waridi,
vumbi la kijani lenye manyoya,
na harufu. Niseme tu Bushiri hakuomba tena.

Kitasa cha choo kilishika nafasi ya nne.
Kilichoshinda ni kiganja cha mwalimu.

Darasa likanyamaza kama limemfuma mtu anaoga.
Angeweza kukipa namba nyingine kifuniko kile.
Akakiinua hadi dirishani.
"Chaki, simu, salamu za watu. Na niliosha, naapa.
Andikeni. Lililotokea huandikwa lilivyotokea."

Kwenye hewa tupu ya Fadina mlikuwa na visiwa saba.
Kimoja cha kuvu, bluu ikielekea kijani,
na kukizunguka, duara safi, mwani mtupu,
ambamo hakuna doa lililothubutu kuingia.
"Nani kawawekea mpaka?" akauliza.
Tukamtazama mwalimu; tulizoea majibu yatoke pale.
Alijikuna kidevu kwa kiganja kile kile.
"Tufanyeje ili tujue?"
Kengele ikalia. Hakuna aliyesimama.

Jioni tulivichemsha vyote, tukamwaga dawa, tukafukia.
Nyumbani mama alikuwa anafungua mafundo ya kamba.
Nikamwambia kazi moja ya mwani wake,
moja tu, ninayoijua.
Akavitazama vidole vyake, vilivyochubuka kwa maji.
"Na hao," akasema, "kwenye chumvi wanaishi?"

Sikujua.
Nimeliandika swali lake nyuma ya daftari,
na chini yake: kifuniko kimoja, maji ya bahari, Jumatatu.