Gari Lililopiga Magoti

Usiku hushuka.
Si bei ya unga inayoshuka, ni gari letu,
nyuma kushoto, kidole kwa kidole,
hata asubuhi nikitoka na ndoo nalikuta
limelaza tumbo kwenye zege la Buruburu
kama ngamia aliyekataa safari.

Nawasha. Kompresa inakohoa chini ya buti,
inanyamaza, inakohoa tena,
na jirani yetu Bi. Nyaboke anafungua dirisha:
"Limeamka?"
"Linaamka."
Dakika sita. Zamani hata mbili hazikufika.

Fundi Nzioki wa Kirinyaga Road hana haraka.
Amekoroga sabuni ya unga katika kopo la rangi,
anaupaka mpira kwa brashi ya kunyolea,
kisha anachuchumaa, ananiita kwa kidole.
Povu dogo, jicho la kuku,
linavimba, linapasuka,
linavimba.
"Hapo ndipo pesa zako zinapotorokea."

Anapiga hesabu kwa biro kwenye kiganja:
mfuko mpya, halisi, elfu tisini;
wa kuiga, thelathini, nao hauvuki masika mawili.
Na kompresa imechoka kusukuma upepo usiokaa.
"Usipoziba ufa..."
"Najua habari za ukuta," nikamkata.
Akamtuma Achola dukani.
Achola akarudi amekumbatia springi mbili,
nyeusi, nzito, zingali na grisi ya kiwandani,
akaziachia juu ya meza: ngo!
"Hizi hazijui kuvuja," Nzioki akasema.
"Hazina waya, hazina siri. Utakufa uziache."

Nilikuwa na ndiyo mdomoni.
Lakini kando ya gia kuna swichi
yenye mshale unaotazama chini.
Jumanne na Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri,
mama akitoka na fimbo yake kwenda kusafishwa damu,
mimi huibonyeza.
Gari hushusha pumzi, likashuka nayo,
likamngojea pale magoti yake yanapoweza.
Mji mzima huu, nani mwingine anamwinamia?
Ngazi za kliniki hazimwinamii.
Karani wa bima haondoi hata macho kwenye skrini.

Nzioki alisikiliza, akafuta mikono kwa tambara
muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo.
"Na likikulalia Jogoo Road, yeye akiwa ndani?"

Sikumwambia kwamba lilishalala.
Aprili, karibu na City Stadium, mvua ya mawe,
matairi yamemezwa na mabawa,
na mama kiti cha nyuma akiuliza kwa upole, mara ya nne,
kama saa zake za mashine zitahesabiwa.

Nikampigia simu hapo hapo, kati ya makelele ya nyundo.
Nilimweleza hewa, nikamweleza chuma.
Nilitarajia kimya. Akacheka.
"Tia vyuma. Halafu ninunulie kigoda."

Basi springi zikaingia.
Gari sasa husimama wima kama askari wa benki,
na matuta ya Rabai Road, ambayo zamani niliyasikia kwa mbali,
nayahesabu moja moja kwa uti wa mgongo.
Bi. Nyaboke hafungui tena dirisha.
Nadhani anachelewa kazini.

Taa ya manjano haijazimika kwenye dashibodi;
kompyuta bado inaulizia hewa yake.
Nzioki anacho kijidude, mia nane tu,
cha kuidanganya kwamba mifuko ipo na imejaa.
Nikamwambia aiache iulize.

Na alfajiri, mazoea yana taabu,
kidole changu hubonyeza ule mshale.
Hakuna kinachoshuka.
Mama amesimama na fimbo, anasubiri, hasemi kitu.
Basi nashuka mimi,
nazunguka na kigoda cha plastiki, cha buluu,
napiga goti kwenye zege lenye umande
na kukishika kisiteleze.