Mgeni wa Hilja

Mimi ndiye niliyesema. Sikukusudia.
Nilikuwa nimepeleka barua ya pensheni kwa Hilja,
nyumba ya mwisho kabla ya msitu, kisiwani Saaremaa,
theluji magotini,
nikamkuta dirishani na kikombe kilichopoa,
akaweka kidole mdomoni.

Mtufaha wake haukuchumwa mwaka huu.
Aliyekuwa akichuma ni Endel.
Matufaha yameganda juu kwa juu,
yamesinyaa, rangi ya viatu vikuukuu,
na katikati yake ndege mmoja:
mgongo wa majivu, tumbo jeupe,
koo jeusi, jeusi ti,
kana kwamba amekunywa wino kwa pupa
ukamchuruzika kifuani.

"Kiruwiji," nikanong'ona, "ila si wetu."
Wetu wana madoadoa, na wamekwisha kuondoka.
Huyu kwao ni Siberia;
baridi ikibisha hodi huteremkia India,
kwenye mashamba ya haradali.
Kusini, ndiyo njia ya wazazi wake.
Yeye akashika magharibi.
Kosa dogo, jembamba kama unyoya,
na nyuma yake maelfu ya maili.

Jioni nikamwambia Tiit wa kivukoni.
Tiit peke yake.

Siku ya tatu, magari kumi na moja uani.
Watu wa Tallinn, watu wa Riga,
mmoja alitoka Helsinki bila kulala,
darubini zimesimama kwa miguu mitatu,
wenyewe wananong'ona kama wako matangani.
Hilja akatoka na mabeleshi.
"Mgeni siku ya tatu hupewa jembe," akasema.
"Ndege nimemsamehe, yeye ana safari.
Ninyi mmekuja kwa feri."

Wakafukua njia hadi kisimani,
hadi banda la kuni, hadi barabarani.
Daktari wa meno kutoka Tartu
akapasua magogo mpaka adhuhuri,
malengelenge viganjani, macho juu ya mti.

Na ndege?
Tawi lilikuwa tupu tangu alfajiri.
Hilja alijua. Alijua wakati anagawa mabeleshi.
Walipomaliza kuni ndipo alipowaonyesha
kinyesi juu ya theluji, kidogo, cha kahawia,
na mbegu mbili za tufaha ndani yake.
Naapa, walikipiga picha.

Wiki iliyofuata nilirudi.
Njia ya kisima ilikuwa imefunikwa tena.
Tufaha moja lilibaki, limedonolewa
hadi likawa kikombe, na ndani yake barafu.
Hilja hakuniuliza jina la ndege.
Aliuliza:
"Aliyepotea, hujua amepotea?
Au kila anapotua
hujiambia, nimefika?"

Nilikuwa na bili ya umeme mkononi.
Nikampa.