Hesabu Tena

Jina kwenye chupa nililisoma mara mbili:
Rispa Khavere, miaka hamsini na minane, Shinyalu.
Uvimbe wa ovari, upande wa kushoto.

Mwalimu, ni mimi. Shitandi wa dawati la nyuma,
niliyejumlisha kwa vidole chini ya meza,
ukaninyemelea, ukasema: hesabu tena.

Leo nahesabu. Nje, Kisumu inachemka kwa jua,
humu maabara feni inakoroma,
na kromosomu zako zimetapakaa chini ya lenzi
kama vile vijiti vyetu vya darasa la kwanza
ukambaa ulipokatika.

Zatakiwa arobaini na sita.
Nimepata hamsini na moja.

Seli ya pili: hamsini na tatu.
Ya nane imejizidisha, ziko nne,
ya kumi na saba imekatika mkono
na kipande chake sikioni popote.
Nimefuta lenzi. Nimelaumu macho,
nikalaumu chai niliyoiruka asubuhi.
Nimehesabu tena, Mwalimu,
kwa mara ya kwanza maishani nikiomba niwe nimekosea.

Hukutufundisha hesabu ya namna hii,
ambapo kuongezeka ni kupungua.

Saa kumi daktari atataka karatasi.
Nimeandika jibu kwa mwandiko ulioninyooshea,
saba yenye mkato katikati,
na pembeni, kwa mazoea tu, nikaacha nafasi
ya kalamu yako nyekundu.