Tangi la Chini ya Kiti

Julai, Igawilo. Baridi imekaa uani kama mgeni asiyeaga.
Nimeinua kiti cha dereva. Sponji imebonyea upande mmoja,
pale alipokaa baba miaka thelathini na moja,
na chini yake tangi la Landrova, kimya.

Fundi Anangisye alinionya kwa simu: Usiwashe.
Gari lililolala miaka minne haliamshwi kwa ufunguo.
Anza tumboni. Kinga beseni, fungua nati ya chini,
na jiko la mkaa lihamie kwa jirani.

Nati ikagoma. Nikaipa mafuta ya taa, nikaipa usiku mzima.
Asubuhi ikakubali robo, kisha nusu,
kisha ikaniangukia kiganjani.

Yalitangulia maji.
Sikujua kwamba tangi hujichotea maji lenyewe:
ukiliacha nusu tupu, ukungu wa Uporoto huingia,
hukesha ndani, hutoa jasho kwenye bati,
hushuka chini tone kwa tone kuzaa kutu.
Kumbe ndiyo maana baba alijaza pomoni kila baada ya mavuno,
hata mwaka ule tuliokula viazi bila chumvi.
Mama aliuliza: Gari limeshiba, na sisi je?

Yakafuata mafuta, mekundu kama chai ya rangi,
yananuka vanishi.
Haya aliyanunua mwenyewe, Uyole, lita kumi,
siku aliyosema kifua kinambana, kidogo tu.
Hakurudi kujaza.
Hayafai kwa lolote, Anangisye alisema.
Nimeyatia kwenye dumu. Dumu liko nyuma ya banda.
Nitalimwaga. Siyo leo.

Tukatia siki chupa tano na mnyororo wa baiskeli,
tukaziba matundu, Lugano wa jirani akashika huku, mimi kule,
tukalitikisa kama watu wanaogombea mtoto.
Likatapika uji wa kutu. Tena. Tena.
Mara ya sita yakatoka maji niliyoweza kujiona usoni.
Siku tatu likaanikwa juani, mdomo chini,
na jua lenyewe la Julai, unalijua.

Kisha kikombe cha kioo kwenye pampu,
kidogo kama cha kahawa: mashapo, vumbi la Isyonje,
na juu yake kichujio cha waya, kimefungwa na nyuzi.
Nyuzi za buluu. Moja ya njano.

Nilizijua kabla sijazisuuza.
Kitenge cha mama, kile cha ndege wenye mikia mirefu.
Mfuniko wa tangi ulipotea njiani, sijaanza hata shule;
baba akachana pindo, akaziba: Mpaka kesho.
Kesho hiyo ikadumu miaka kumi na tisa.

Basi ni wewe! Kila tulipopanda na magunia
gari lilikohoa kona ya tatu, likazima.
Baba akashuka, akailaumu kabureta,
akawalaani wauza mafuta na nasaba zao,
mama akitazama nje, kiti cha kushoto,
na pindo lake likisafiri uzi mmoja mmoja kuelekea injini.
Tukisubiri, nyuzi zililegea. Likawaka.
Baba akapapasa boneti: Ndaga, ndaga.

Nimeweka filta mpya. Nimepuliza bomba kwa mdomo,
ladha yake bado iko nyuma ya meno.
Mfuniko nimenunua Mwanjelwa, una ufunguo wake.

Nikamwonyesha mama zile nyuzi kwenye kisosi.
Akavuta moja, akaipima kwa kidole.
"Nilimwambia anunue mfuniko,"
akasema, akarudi kugeuza mahindi yake.

Nikabonyeza mkono wa pampu, mara ishirini, thelathini.
Kikombe kikaanza kujaa,
peupe mpaka chini.